Vyondo Tisa Vilivyoinama

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, simu ya mke wangu ililia juu ya kifuniko cha mtungi. Mikono yake ilikuwa imelowa rangi ya kutilia katani, kwa hiyo nikaipokea mimi. Alikuwa mteja wetu wa Kitui, mama mwenye duka dogo la zawadi. Siku nne kabla ya hapo tulikuwa tumempelekea vyondo ishirini na vinne, vile vikapu vidogo vya katani, vya kugawia wageni wa heshima kwenye harusi moja. Alisema vyondo tisa vimeinama.

"Vimeinama vipi?" nikamuuliza.

"Kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani. Vyote upande mmoja. Nimevipanga kwa meza, vinaangalia dirisha. Wenye harusi watasema nimewauzia vyondo vimelewa."

"Vilifika hivyo?"

"Vilifika wima. Vilikuwa na vumbi la njia, nikavipangusa na kitambaa cha maji, nikavianika. Asubuhi ndio nikaona."

Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu. Alisema angelipia vile kumi na tano vizuri na kuturudishia vile tisa, na kila kiondo kilichonyooka ambacho kingefika kabla ya harusi angekilipia shilingi mia nane na hamsini, bei ileile. Kisha akaongeza kwamba hakuwa na ubaya na mtu, ila kiondo ni lazima kisimame. Niliona ana haki. Nilipokata simu nikaandika neno moja kwenye daftari langu: maji.

Ni vizuri nieleze kazi yetu ilivyogawanywa. Kwa miaka mingi nilikuwa mtunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi, na duka lilipofungwa nikarudi nyumbani Mukuyuni. Mke wangu alikuwa akisuka vyondo tangu utotoni na kuviuza kimoja kimoja. Mimi nikafumua mkoba mkuukuu uzi kwa uzi ili nijue mikanda ya ngozi inashonwaje, nikaharibu ngozi ya kutosha, na baada ya miezi kadhaa nikaweza. Tangu hapo yeye husuka, mimi hutia mikanda, napiga picha na kuzungumza na wateja. Uzi tulikuwa tunanunua kwa mama yake, anayeishi peke yake Mbumbuni. Huko yeye hukata majani ya mkonge, huyakwangua, huanika katani na kuisokota, kisha humpa mtu wa bodaboda gunia la mafundo, yaani mafungu ya uzi uliokunjwa, atuletee.

Uzi wa kiondo husokotwa kwenye paja. Msokotaji huketi chini, huvuta nguo hadi juu ya goti, hupaka majivu kidogo ili uzi usiteleze, kisha huviringisha katani kwa kiganja kuelekea gotini na kuirudisha. Haya niliyajua kwa kuambiwa, maana mtu pekee ambaye usokotaji wake ulihusika hapa alikuwa mama mkwe wangu, na mimi sikuruhusiwa kuuona.

Siku hizi wengi hawafuati sana heshima ya wakwe, ile ambayo sisi Wakamba tunaiita nthoni. Mama mkwe wangu anaifuata. Hajawahi kula nyumbani kwangu. Nikienda kwake nakohoa langoni, nasubiri, na ninaposikia mlango wa nyumba umefungwa ndipo naingia uani. Tukisalimiana ananisalimia kupitia mtu mwingine hata kama tumesimama hatua nne tu kati yetu. Kwa miaka ishirini na miwili sijaona goti lake, na sikuwahi kuliona hilo kama tatizo la kazi.

Vile vyondo tisa vilirudi Alhamisi. Nilivipanga kwenye ubao wa kukatia ngozi na kuvitazama kwa muda. Mteja hakuwa ametia chumvi. Kitako cha kila kimoja kilikuwa sawa, lakini kuanzia katikati kwenda juu, ukuta ulikuwa umejizungusha na kuegemea upande, kama shati lililovaliwa kifungo kimoja kikiwa kimerukwa.

Mke wangu alisimama nyuma yangu akifuta mikono.

"Ni uzi," akasema.

"Umejuaje?"

"Uzi wa mafundo ya mwisho ulikuwa unafunguka mkononi nikisuka. Kila nikizungusha, uzi unalegea."

"Na hukusema."

"Nimwambie nani? Mama yangu, ati uzi wako mbaya?" Akaendelea kufuta mikono. "Amezeeka, baba watoto. Mikono imechoka. Pale sokoni kuna yule mama anauza uzi kwa kilo. Tuchukue huo, na mama tumwambie apumzike."

Alisema kwa upole lakini nilielewa uzito wake, na yeye pia. Pesa ya uzi ndiyo iliyomnunulia mama yake sukari, sabuni na salio la simu, na ndiyo sadaka iliyotoka kwenye kitambaa chake kila Jumapili kanisani. Wanawe walikuwa wamemwomba mara nyingi ahamie kwa mmoja wao. Jibu lake halikubadilika: mtu anayejilisha hahamishwi. Tukiacha kununua uzi wake, jibu hilo lingekwisha.

Nikamwomba mke wangu anipe hadi Jumatatu. Sikuwa nimekubali bado kwamba mikono imechoka. Uzi wa mikono iliyochoka huwa mnene hapa na mwembamba pale. Huu ulikuwa sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, umekazwa vizuri, kazi ya mtu anayejua anachofanya. Kwa nini basi ufunguke?

Nilianza na maji, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nimeyaandika. Nilichukua kipande cha uzi kutoka fundo la zamani na kingine kutoka fundo jipya, nikavifunga misumari midogo kwenye ncha, nikavitundika kwenye kamba ya nguo na kuvilowesha. Misumari yote miwili ilianza kuzunguka. Ule wa kwanza ulizunguka kama mkono wa saa. Wa pili ulizunguka kinyume. Nikarudia na vipande vingine vinne, nikabadilisha nafasi zao kwenye kamba nisije nikadanganywa na upepo. Matokeo yakawa yaleyale.

Nikatoa kioo cha kukuzia, nilichokuwa nacho tangu nilipojifunza kutengeneza redio. Uzi wa kiondo ni nyuzi mbili zilizokumbatiana, na ukiusimamisha, mistari ya kukumbatiana inapanda kwa mshazari. Katika mafundo ya zamani ilipanda kuelekea kushoto. Katika mafundo mapya ilipanda kuelekea kulia. Nikakagua kile kiondo kilichoinama zaidi: kutoka kitakoni hadi katikati, kushoto, kutoka katikati hadi juu, kulia. Vingine vinane vilikuwa hivyohivyo. Mke wangu alikuwa akivisuka hivi tisa kwa zamu, na vyote vilikuwa vimefika nusu alipomaliza mafundo ya zamani na kuunganisha mapya. Uzi uliposhika maji, nusu moja ya kiondo ilivuta huku na nusu nyingine kule.

Kwa hiyo nilijua nini kimetokea, lakini sikujua kwa nini. Mwanamke aliyesokota uzi kwa namna moja maisha yake yote angeanzaje kuusokota kinyume?

Jumamosi, mke wangu alipokwenda kwenye kikundi cha kina mama kanisani, nilifunga mlango wa chumba cha kazi, nikakunja suruali, nikaketi sakafuni na katani na majivu. Nilichojifunza kwanza ni kwamba paja la mwanamume lina nywele. Nilichojifunza baada ya kuzoea maumivu ni kwamba kiganja cha kulia kwenye paja la kulia kinatoa uzi wa mafundo ya zamani. Nilijaribu kubadili mwendo, kuketi vibaya, kusokota nikiwa nimechoka. Uzi ulikuwa mbaya, lakini mistari yake ilipanda kushoto kila mara. Kisha nikahamia paja la kushoto na kiganja cha kushoto, na mistari ikapanda kulia.

Nilikuwa bado nimeshika uzi huo kwenye mwanga wa dirisha mlango ulipofunguliwa. Mke wangu alinitazama kuanzia kichwani, akafika miguuni, akarudi.

"Umeanza lini kuwa susu?" Ndivyo wajukuu wanavyomwita nyanya.

"Mama yako anatumia mkono wa kushoto," nikamwambia.

"Mama yangu hatumii kushoto hata kushika kijiko."

"Anatumia sasa. Paja la kushoto, mkono wa kushoto."

Uso wake ulibadilika, na hapo nikatambua nimesema neno gani. Alifunga mlango kwanza, ingawa hapakuwa na mtu wa kusikia. "Hilo la paja usilirudie," akasema. Kisha akatoa simu, akaketi kwenye kiti changu na kumpigia mama yake. Mimi nilibaki sakafuni. Sauti ya mama mkwe haihitaji spika. Waliongea Kikamba, na ninaandika hapa kadiri ninavyokumbuka.

"Mama, mkono wako wa kulia uko vipi?"

"Uko mahali pake."

"Unasokota na upi?"

"Nani anauliza?"

"Mimi."

"Wewe hujauliza swali kama hilo tangu uzaliwe. Anauliza huyo aliye hapo na wewe."

Mke wangu alinitazama na mimi nikatazama majivu.

"Ameangalia uzi kwa kioo," akasema. "Anasema umebadilisha mkono."

"Uzi umemwambia?"

"Umemwambia."

"Na umemwambia nasokotea wapi?"

"Hilo pia."

"Miaka yote hii," mama mkwe akasema polepole, "nasikia mtu amekohoa langoni, nakimbia kujifunika. Kumbe namtumia paja langu kwa gunia." Akacheka, kicheko kirefu kilichoishia na kikohozi. Aliporudi, sauti ilikuwa nyingine. "Sasa mtanunua uzi wa sokoni."

Ndipo akaeleza. Alikuwa ameteleza kwenye tangi la maji na kuangukia mkono. Kiganja kilivimba, kikapona nusu, lakini hakikuweza tena kusukuma katani. Alijifunza upya kwa mkono wa kushoto, peke yake, kwa wiki tano, akitupa uzi wote mbaya jikoni uungue, na akaanza tu kutuletea alipoona ni sawa na wa zamani. Kwa macho na kwa vidole ulikuwa sawa kweli. Hakumwambia mtu.

"Ningesema mngeniambia nipumzike," akasema. "Nikipumzika nifanye nini, nihesabu kuku?"

Mke wangu alikuwa analia bila sauti, kwa hiyo nikavunja utaratibu. Nilisema kwa nguvu kidogo, nikiutazama mlango ili iwe kana kwamba naongea na mlango, kwamba uzi huo hauna kosa, kosa ni kuuchanganya, na kwamba tunahitaji mafundo mengine.

"Mwambie nimesikia mlango wenu," mama mkwe akajibu. "Na umwambie anadaiwa mbuzi. Mtu hachungulii kwa mama mkwe bure, hata kwa kioo."

Hadi leo sijui kama hilo la mbuzi lilikuwa mzaha. Nilimuuliza mke wangu, akasema, "Anacheka, lakini mbuzi anamtaka." Nilinunua mmoja pale Mukuyuni, jike jeupe lenye sikio lililokatika ncha, akapelekwa Mbumbuni kwa bodaboda akiwa ndani ya gunia, kichwa nje.

Kulikuwa na swali moja limebaki. Je, kiondo cha uzi wa kushoto peke yake kingesimama? Mke wangu alijaribu, na uzi ukafunguka mkononi kama mwanzo. Nikamwomba azungushe nyuzi za kusukia kinyume na alivyozoea. Alisema ni kama kuandika kwa kurudi nyuma. Siku mbili za kwanza alifumua zaidi ya alivyosuka, na mara moja akanirushia kitako cha kiondo kichwani. Siku ya tatu vidole vyake vilikubali. Uzi ukaanza kujikaza kila alipouzungusha. Nikakilowesha kiondo cha kwanza kwenye ndoo, nikakianika juani na kukipima kwa skwea ya seremala. Kilisimama.

Mafundo ya mama mkwe sasa yanafika yamefungwa kitambaa chekundu cha leso, ili yasichanganyike na ule uzi mchache ambao siku hizi mke wangu anausokota mwenyewe. Mama mkwe amepelekwa hospitali, akaambiwa akifanyie kiganja mazoezi, na anakifanyia anapokumbuka. Amekataa kurudi paja la kulia hata akipona. Anasema limezeeka, lile lingine lilikuwa limekaa bure. Haya niliambiwa na mke wangu. Mimi bado nakohoa langoni, na siku hizi mlango unachukua muda mrefu zaidi kufungwa, nadhani kwa makusudi.

Mikanda niliitoa kwenye vile vyondo vilivyoinama na kuitumia tena. Kimoja tunatilia vitunguu na kingine kuku amekifanya kiota. Kwa sababu ya siku zilizopotea mwanzoni, harusi ilitukuta tumemaliza saba, siyo tisa. Mteja aliviloweka mwenyewe mbele yangu, akasubiri, kisha akalipa elfu tano mia tisa na hamsini. Mbuzi alikuwa elfu nne na mia nane, na mtu wa bodaboda alitaka mia mbili kwa sababu mbuzi hakutulia. Tuliokoa shilingi mia tisa na hamsini.