Niliicheka Timu Yangu Barazani, Ikapanda Daraja Bila Mimi

Jamani, kosa ni langu mimi peke yangu. Sikulazimishwa na mtu. Jina langu nalificha kwa sababu kisiwa hiki kidogo, na watu wakishakujua kwa jambo moja baya, hawakwiti tena kwa jina ulilopewa na wazazi wako.

Mimi ni kipa. Mchana ni fundi wa mafriji na viyoyozi huku Mji Mkongwe, nyumbani kwangu Bububu, na kwa miaka mingi nimelinda goli la timu ya mtaani kwetu, daraja la pili. Kiwanja chetu mchanga na mawe. Jezi zimepauka hata namba hazisomeki. Mshahara hakuna, nauli yenyewe unajitegemea.

Lakini ile ilikuwa timu, wallahi! Mke wangu alipomzaa mtoto wetu Rahma alitoka damu nyingi sana, hospitali wakaniambia nitafute watu wa kuchangia. Nikampigia nahodha wetu Makame, beki wa kati, Mtumbatu, fundi baiskeli. Walikuwa mazoezini. Wakaja wote na jezi zao, vumbi mpaka kwenye kope, kocha mbele yao. Makame ndiye aliyekunja mkono wa kwanza. Mke wangu akapona.

Nani mwengine angenifanyia vile? Basi sikilizeni nilivyowalipa.

Nikitoka kazini nlikuwa na mazoea ya kukaa barazani Mkunazini, nikinywa kahawa na Nassor, mtoto wa ami yangu, pamoja na wenzake. Nassor hajapata kuugusa mpira, anautazama kwenye TV tu. Anamjua kila mchezaji wa Ulaya mpaka anavyofunga kamba za viatu. Na kichekesho chake cha kila jioni kilikuwa mimi.

"Yakhe, nyinyi kule mnacheza mpira au mnafukuza kuku?"

"Umri huu bado daraja la pili? Si ukae nyumbani ulee mtoto!"

Nlikuwa nacheka, lakini yalikuwa yananiingia. Ujanani niliwahi kuitwa kujaribiwa na timu kubwa, wakanirudisha nyumbani. Nassor analijua hilo, na hapo hapo ndipo alipopenda kunibonyeza.

Jioni moja akanishikilia kweli kweli. "Hebu tuambie, mtu mzima na akili zako, unafanya nini na wale?"

Baraza zima likanitazama. Na mimi, mjinga mimi, nikaona aibu kuwatetea wenzangu. Nikaona rahisi kuwacheka.

Nikaanza. Makame, nikasema, akikimbia utadhani kabeba gunia la mwani mbichi. Denis, fowadi wetu, akipiga mpira wa kichwa hufumba macho kama yuko kanisani anasali. Mwalimu Haji, kocha wetu, mbinu yake ni moja tu, pigeni mbele halafu ombeni dua. Nikawaigiza sauti zao, nikainuka nikaigiza na mwendo. Watu walicheka mpaka wakamwaga kahawa! Sifa zikanipanda kichwani, nikamalizia: "Mimi pale nawasaidia tu. Nikiondoka, ile si timu."

Na niseme kweli, nilijisikia raha. Hiyo raha ndiyo inayoniuma zaidi mpaka leo.

Nassor alikuwa kanirekodi sauti kwa simu. Akairusha kwenye grupu lao la mpira watu wacheke. Siku ya pili yake, kabla ya magharibi, ilishafika Bububu.

Mimi sina habari! Nikenda zangu mazoezini, nikatoa salamu. Wakaitikia chini chini, hakuna aliyenyanyua uso. Mwalimu Haji akaniita.

"Naam, mwalimu."

Akabonyeza simu yake. Ikatoka sauti yangu, na vile vicheko nyuma yake. Subhanallah! Nilitamani nipotee pale pale.

"Huyu nani huyu?"

"Mwalimu, ule ulikuwa utani tu."

Aliyejibu ni Makame, tena kwa upole. "Utani tunaujua. Hapa kila siku tunataniana. Lakini mtu unamtania akiwa mbele yako."

Kocha akasema sitacheza mechi yetu na timu ya Uroa. Na ile ndiyo mechi ya mwisho ya msimu, sare tu ingetutosha kupanda daraja la kwanza! Jambo tulilolihangaikia tangu baadhi yetu hatujaoa.

Pale ndipo pa kuomba radhi. Mimi nikavua glavu nikazitupa chini. "Basi tuone mtafika wapi!" Nikaondoka polepole makusudi, ili wapate nafasi ya kuniita. Hakuna aliyeniita.

Nyumbani mke wangu alishaisikia ile sauti. Hakunipigia kelele, ningependa angenipigia. "Baba Rahma," akasema, "yule mtu katoa damu yake ili mimi niwe hai nimlee mwanao. Leo unamwigiza watu wamcheke?"

Nikamwambia mambo ya mpira hayajui. Kosa juu ya kosa!

Siku ya mechi nikakaa barazani, na Mungu anisamehe, nikiwaombea wafungwe. Habari ikaja kwenye simu: bila kwa bila. Kipa wa akiba, ambaye hata glavu zangu nilikuwa simuazimi, hakuruhusu kitu. Tumepanda! Nini tumepanda, wamepanda.

Nassor akaguna. "Daraja la kwanza nalo mpira? Ingekuwa ligi kuu hapo tungezungumza."

Nikamtazama yule mtu. Hasira zikanipanda. Ningefika ligi kuu angesema mbona si Bara. Ningefika Bara angesema mbona si Ulaya. Hakuna pahali ambapo angeniambia umefanya vyema, na mimi nimeuza watu wangu ili anione mtu! Nikaacha kikombe changu kimejaa, nikaondoka bila kuaga.

Ijumaa baada ya sala timu ikafanya karamu kiwanjani. Mke wangu alikaanga sambusa na katlesi tangu asubuhi, akavaa baibui lake, akamshika Rahma mkono.

"Na mimi je?" nikamuuliza.

"Mimi nimealikwa," akasema. "Wewe sijui."

Nikabaki ndani peke yangu, vifijo nnavisikia dirishani.

Baadaye nikajikaza nikenda kwa Makame. Nilimkuta anaziba pancha. Nikamwambia, "Makame, nimekukosea. Sina la kujitetea."

Aliinuka, akajifuta grisi, akanipa mkono. "Nshakusamehe zamani. Mtu akikosa husamehewa. Lakini golini sikutaki. Mimi beki, nakupa mgongo dakika zote za mchezo. Lazima nijue nimempa nani."

Nilikwenda na kwa kocha. Jibu likawa lile lile. Akaniambia nitafute timu nyengine.

Nimeipata. Nnachezea Kizimbani, ligi ya wilaya, chini zaidi kuliko nilipotoka! Magoli ya miti, nyavu hatuna, tukifunga tunagombana kama mpira umeingia au umepita pembeni. Kabla ya mechi lazima kwanza tuwahamishe ng'ombe. Wenzangu wengi ni vibarua wa mashamba, wanakuja jioni wamechoka, na bado wanakimbia mpaka kiza kinaingia. Juzi nimepigwa teke la mbavu, wakanibeba kwa zamu mpaka barabarani, huku wananitania njia nzima. Nilicheka na maumivu yangu. Nikasema alhamdulillah, nimepewa tena nisichostahiki.

Lakini msidhani nimetulia. Nikisikia timu yangu inacheza daraja la kwanza, nakosa pa kujiweka. Miaka yote ile nilikuwa nacho kitu, nikakiona takataka kwa sababu tu Nassor alikiona takataka! Hasira hizi sina wa kumpelekea ila mimi mwenyewe. Hata mke wangu, tunaishi vizuri, lakini akimtaja Makame hunitazama kwanza.

Nyinyi mnaocheza madaraja ya chini, mnaovuja jasho viwanja vya mawe bila ya kamera wala mshahara, nisikilizeni. Wa kuwabeza hawatakosekana, watakuwa ndugu zenu na marafiki zenu. Msiwatoe wenzenu watafunwe ili nyinyi mpate kicheko cha jioni moja. Ukiulizwa unachezea wapi, taja jina la timu yako, kisha nyamaza.