Kipimo Kilichozimwa Msibani

Usiku ule nililala na hasira, maana kukicha nilitakiwa kutia saini ripoti inayosema marehemu Mwalimu Sikitu alikosea. Yeye ndiye aliyenifundisha kupima joto la molekuli zinazojipanga zenyewe. Zake zilikuwa nzito kujipanga, basi naye alizipasha taratibu, siku baada ya siku, kisha akazipoza taratibu vilevile. Maabara nzima walimwita Mama Kinyonga. Alifariki mashine ikiwa bado inapima. Profesa, mkuu wetu, aliizima hata maiti haijatoka nyumbani, akapima upya kwa mchana mmoja, akapata namba tofauti na kuziandikia ripoti ile.

Sasa, usingizini, namwona Mwalimu anaingia maabara, koti lake jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni. Anaweka kiganja juu ya mashine, kama mama anayemgusa mtoto mwenye homa.

"Imepoa," anasema. "Nani kaizima?"

Nataka kujibu. Mara tuko msibani kwake. Mashine ipo juu ya mkeka, katikati ya akina mama, na hakuna anayeishangaa. Profesa amesimama anasoma wasifu wa marehemu. Anafika palepale alipofika siku ile: "Mwenzetu alisahau kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo." Waombolezaji wanacheka, kama walivyocheka kweli. Mwalimu Sikitu amekaa kando yangu, anausikiliza wasifu wake mwenyewe. Yeye hacheki.

"Mwalimu," namwambia, "wanasema namba zako si za kweli."

"Waambie wapoze walichokipasha. Kwenye grafu, mstari wa kupoza usiporudi kwa njia ya mstari wa kupasha, hawakupima molekuli, mwanangu. Wamepima pupa yao."

Wanaume wanainua jeneza. Mwalimu anasimama, anapangusa vumbi kwenye koti, analifuata bila kugeuka nyuma. Namwita. Haitiki.

Nikazinduka, simu inaita. Alikuwa Profesa.

"Umeshasaini?"

"Bado, Profesa. Ulipomaliza kuzipasha, ulizipoza ukapima tena?"



"Nipoze nini? Nilizimwaga zote. Na za Mwalimu wako nilizimwaga, zilikuwa zinajaza rafu tu."

"Basi jina langu liondoe."

Nilikata simu. Msibani sikutoa hata chozi moja, lakini asubuhi ile nililia kwa uchungu, maana hakuna tena atakayeweza kumwonyesha mtu kwamba Mwalimu alikuwa sahihi.