Likizo ya Mwisho ya Mama Mdogo

Juzi nilipita mtaa wetu wa zamani wa Jericho asubuhi nikawaona wanawake wawili wakikimbia kando ya barabara, jasho likiwatiririka, na hakuna aliyegeuka kuwatazama. Nikasimama. Enzi zetu, rafiki yangu, mwanamke aliyekimbia alikuwa anakimbia mwizi au anakimbiza mume.

Isipokuwa mama mdogo. Alikuwa mwalimu kule Kitale, mdogo wa mama yangu, na kila Agosti alikuja kukaa kwetu likizo nzima. Wageni wengine walikuja mjini kula chapati na kulala. Yeye alituamsha mapema, akavaa raba na suruali ya michezo, tukamfuata pamoja na watoto wengine kuuzunguka uwanja wa mtaa huku moshi wa majiko ukipanda uani na akina mama wakichota maji. "Likizo ni ya kuacha kazi," alisema, "si ya kuacha mwili." Tukirudi alikunywa uji bila sukari. Sukuma wiki aliichemsha tu, na mandazi ya jirani aliyakataa kwa adabu.

Jirani hakusahau mandazi yake. Mwaka wa mwisho mama mdogo alikuja amepungua, mashavu yamebonyea, mwepesi kama msichana. Tulikuwa tunazika watu kila mara miaka ile ya ukimwi, na wote walianza kwa kukonda. Jirani akamwambia mama, nikiwa hapo nachambua mchele, "Huyo dadako anaisha. Siku hizi watu hawakondi bure."

"Anafanya mazoezi," mama akajibu.

"Basi wewe kaa naye na watoto wako hivyo hivyo."

Kesho yake mama mdogo aliwekewa sahani yake, kikombe chake na kijiko chake, mbali na vyetu. Ndugu yangu mdogo alipotaka kupanda mapajani mwake, mama alimvuta mkono hadi akalia.

Mama mdogo alitazama kikombe kile, kisha akamtazama mama. "Dada, hata wewe?"

"Kunywa uji, utapoa."

"Nimekuuliza."

Mama akainama kuchochea jiko ambalo halikuhitaji kuchochewa.

Asubuhi iliyofuata tulivaa, tukamsubiri mlangoni. Alitoka na begi. Alitushika vichwa, mmoja mmoja, akaenda bila kumuaga dada yake. Alipotoweka tu, mama alichukua vile vyombo akavitupa jalalani, akaanika godoro juani siku nzima.

Hakuwa mgonjwa, wala hakurudi kwetu tena. Amestaafu sasa, ana wajukuu, na nasikia bado hutembea hadi sokoni na kurudi kwa miguu. Jirani alihama, uwanja umejengwa maduka, na wengi wa wale watoto tuliokimbia nao sijui waliko. Mama amezeeka, magoti hayamruhusu kufika hata nje ya lango. Agosti ikifika humtaja mdogo wake, alivyokuwa mrembo, alivyopenda watoto. Humtaja kama mtu anavyomtaja marehemu, nasi hatumsahihishi.