Kipande cha Truphosa

Truphosa Wasike ni jirani yangu hapa Kaptembwo, tumetenganishwa na ukuta wa mabati tu, na kama kuna mtu aliyeumbwa bila hila, ni yeye. Mimi ningekuwa na nusu ya moyo wake ningekuwa nimeshaibiwa hata sufuria. Alitoka Kimilili akiwa msichana, akaolewa hapa, akazaa binti yake Immaculate, akafiwa na mume, akaingia kazi ya kukata waridi kwenye shamba moja la maua nje ya mji. Ujana wake wote uliishia huko.

Shamba lile lilikuwa na desturi yake. Ukiandikwa kazi, msimamizi aitwaye Maxwel anachukua kitambulisho chako, eti kwa usalama, anakifungia kwenye mkebe wa biskuti ofisini. Bila hicho kipande, kama tunavyokiita, huandikwi kazi kwingine, huwezi kutoa hela kwa wakala, na askari akikusimamisha barabarani hana haja na maelezo yako. Kwa hiyo watu walikaa. Truphosa alikuwa akisema babu yake alivalishwa kipande shingoni na mzungu, afadhali yeye chake kiko kwenye mkebe. Tulicheka sana. Sasa sicheki.

Mwaka jana mama yake alilazwa Bungoma, figo zimekataa kazi. Truphosa akaenda kwa Maxwel.

"Boss, nipee kipande yangu niende nione mathe. Hali si poa."

"Mama Immaculate, si unajua ni season ya Mother's Day? Order ya ng'ambo haingoji. Tukimaliza nitakupea."

Basi akarudi kukata maua ya mama za watu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa, supamaketi ya ng'ambo iliyonunua maua hayo ilikuwa imewaahidi wateja wake kwamba hakuna mtu anayefanyishwa kazi kwa lazima, na kila mwaka ilituma mkaguzi. Siku ya mkaguzi asubuhi vitambulisho vilirudishwa mifukoni, glavu mpya zikatolewa, na sabuni ikaonekana chooni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata nyama ilipikwa. Gari la mkaguzi likishatoka getini, Maxwel alipita na mkebe wake na kila mtu akatumbukiza chake.

Mkaguzi wa mwaka jana alikuwa binti wa Nairobi, Kimberly. Alikataa kula na mameneja. Akaja kuketi kwenye benchi la wafanyakazi, akanawa, akamega ugali kwenye sahani ya Truphosa. Kwao Truphosa, aliyekula nawe sahani moja ni wa nyumbani, na wa nyumbani hafichwi shida. Chepkirui, mwenzake wa kazi, alimkanyaga mguu chini ya meza. Wapi!

"Leo kipande iko kwa mfuko," Truphosa alimwambia mgeni, "lakini jioni itarudi kwa mkebe. Na mama yangu ako hosi, sijaruhusiwa kuenda."

Kimberly alilengwalengwa na machozi, akaandika namba yake ya simu. "Nitafuatilia, mum. Nakuahidi."

Mtauliza kwa nini hakuondoka na kipande jioni ileile. Hata mimi nilimuuliza, tena kwa ukali. Akanijibu kwamba mgeni ameahidi, na yeye akitoroka, mgeni ataonekana mwongo. Akakirudisha kwenye mkebe kwa mkono wake mwenyewe.

Kimberly aliandika alichoambiwa, simlaumu. Supamaketi ilisoma, ikatangaza kwamba haivumilii utumwa hata kidogo, ikahamishia biashara yake nchi nyingine. Basi. Haikumuuliza Maxwel kitu, wala haikutaka kujua hao waliofungiwa vitambulisho watakula nini. Ukimkuta mtu ametumbukia kisimani, unamrushia kamba au unakwenda kuteka maji kwingine?

Shamba lilianza kufa polepole, na Maxwel, kwa hasira, hakutoa kipande hata kimoja. Mama yake Truphosa alifariki katikati ya mambo hayo, akazikwa bintiye akiwa hapa, amekaa kitandani kwangu.

Siku shamba lilipofungwa, Maxwel alimwaga vitambulisho juu ya meza getini, watu wakavichambua kama maharagwe. Chepkirui ndiye aliyekiona cha Truphosa. Alimtilia mkononi mbele ya wote.

"Si ulikuwa unataka kipande? Shika. Sasa ipike, watoto wetu wakule."

Tangu hapo hawasalimiani. Simlaumu Chepkirui pia, ana watoto wanne na hana kazi. Hasira yangu ndiyo sijui niipeleke wapi, maana mwenye supamaketi simjui hata sura.

Siku hizi Truphosa anauza sukuma wiki hapo nje ya ploti. Juzi nilikuwa nimeketi naye, tunakatakata, simu yake ikalia. Akaweka sauti juu.

"Mum, ni Kimberly. Nimekuwa nikikufikiria. Kipande ulirudishiwa?"

"Nilirudishiwa."

"Asante Mungu! Na mathe je, ulienda ukamwona?"

Truphosa alikiweka kisu chini.

"Nilienda, mwanangu. Niliona kaburi."

Kule upande wa pili yule binti alianza kulia. Nilitaka kumnyang'anya simu nimweleze maneno mawili matatu. Lakini Truphosa alikuwa ameshaanza kumbembeleza, akimuuliza kama leo amekula.