Jaribio Lililokataa Kuisha

Kila asubuhi, kabla hajaketi, Kavuo hupangusa kompyuta yake kwa kitambaa chenye alkoholi, kitufe kimoja kimoja, pua ameikunja. Wenzake hula sambaza, visamaki vya Ziwa Kivu, juu ya meza yake wakati hayupo. Mafuta hubaki, na vichwa vya samaki pia.

Ofisi yetu iko Kitshanga, mashariki mwa Kongo, nyuma ya duka la vitenge. Tunatengeneza programu ya kuorodhesha familia za wakimbizi katika makambi. Mimi naandika maelezo ya matumizi na siongei sana. Kavuo anaangalia seva. Mtu akibadilisha chochote katika programu, seva huendesha majaribio mia tatu yenyewe. Yote yakipita, skrini inakuwa ya kijani. Moja likishindwa, inakuwa nyekundu.

Wiki ile majaribio yalifika namba 214 yakasimama. Hapakuwa na kijani wala nyekundu, wala ujumbe wowote. Seva ilinguruma tu mpaka betri za sola zikaisha.

"Dada, unapenda kujisumbua," akasema Bienvenu, aliyeandika jaribio hilo. "Ifute. Si zingine ziko mingi?"

"Futa kwanza kinywa yako, iko na mafuta," Kavuo akamjibu.

Kavuo aliliendesha jaribio hilo peke yake kwenye kompyuta yake, iliyotumia mtandao wa simu yake: likapita. Kwenye seva: likakwama. Akaliamuru liandike kila hatua linayofanya. Mstari wa mwisho ulisema: nasubiri rezo.

Seva haikuwa na rezo, yaani mtandao. Mkurugenzi wetu, Papa Athanase, alikuwa ameihamishia laini ya seva ofisini kwake ili aangalie mpira. Na Bienvenu alikuwa ameandika kwamba jaribio lisubiri mpaka rezo irudi, bila kuweka kikomo.

"Njo vile tunafanyaka," Bienvenu akajitetea. "Rezo ikienda, muntu anangoja. Huku nani anasemaka ni kosa?"

Hapo alisema kweli. Kwetu rezo ikienda tunakaa, tunamenya karanga, tunazungumza habari za ng'ombe. Lakini mashine haimenyi karanga.

Kavuo akaweka kikomo cha sekunde thelathini. Jaribio likaisha, jekundu, na uozo uliokuwa chini yake ukaonekana: familia ikihama kambi wakati hakuna rezo, programu inaifuta kambi ya zamani na haiiandiki kambi mpya. Familia ya mfano, watu saba, ilitoweka kabisa. Na kuanzia Jumatatu, unga ungegawiwa kwa kufuata orodha hiyo.

Papa Athanase alikuja akitafuna kijiti cha meno.

"Mama, wageni wa Goma, wenye kugawa unga, wanafika kesho. Weka vert, ile kijani."

"Papa, bantu ba mu kambi watakosa unga."

"Bantu gani? Hiyo ni test tu. Bienvenu, iruke hiyo."

Bienvenu akaketi kwenye kiti cha Kavuo, akaamuru seva iliruke jaribio la 214. Skrini ikawa ya kijani. Papa Athanase akapiga makofi, akakitema kile kijiti sakafuni. Niliona yote, nikarudi kwenye maelezo yangu ya matumizi.

Kesho yake wageni waliketi, soda mikononi. Papa Athanase alisifu rangi ya kijani kama mtu anayeuza rangi. Mgeni mmoja, mama wa makamo, akauliza kama majaribio yote yameendeshwa. Kavuo akasimama. "Hapana, Mama. Moja tumeliruka." Akalirudisha, akaliendesha. Tulingoja sekunde thelathini. Nyekundu. Akawaeleza habari za watu saba. Wageni wakaahirisha kuanza kuitumia programu kwa wiki mbili na kuagiza kosa litengenezwe.

Gari lao lilipoondoka, Papa Athanase alimfuata Kavuo uani.

"Umenivua nguo mbele ya bageni! Mimi niliyekupa kazi!"

"Mama Rouge! Mama Nyekundu!" Bienvenu akaita mlangoni, akicheka, mdomo umejaa sambaza.

Kavuo alitema mate kando ya jenereta, akachukua mkoba wake, akaondoka. Nilimfuata mpaka barabarani, penye pikipiki. Ilikuwa Ijumaa, na ofisi ingefunguliwa tena Jumatatu. Nilikuwa na swali moja tu.

"Dada Kavuo, lundi utarudi?"

"Nitarudi," akasema. "Ile kosa haiyaisha."