Vizibo vya Mninga

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa bunduki. Sajini Meja wa boti alinifunga macho kwa taulo langu mwenyewe, akanishika bega, akaniambia nishuke hadi stoo ya mbele, niguse ukuta, nirudi.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi nikiwa na cheti kizuri na imani kubwa. Nilizaliwa Kabungu, mbali kidogo na ziwa, na katikati ya miaka ya sabini nilipangiwa boti ya doria iliyokuwa na kituo chake kusini mwa Karema, Ziwa Tanganyika. Nilishuka nikipapasa, nikagonga paji la uso, nikarudi juu na damu kidogo na fahari nyingi.

"Umepita milango mingapi?" akauliza.

"Mmoja, Afande."

"Ni miwili. Wa pili umeuacha wazi nyuma yako. Maji yamekufuata, umekufa, na wenzako wamekufa." Akawageukia waliokuwa wakicheka. "Nani atapeleka habari za msomi kwao Kabungu?"

"Mimi, Afande," akajibu mpishi wetu, Koplo Deusi, mtu wa Mpimbwe. "Ila msiba wao uwe na wali. Kwa ugali mtupu siendi."

Ndivyo nilivyojifunza kanuni ya kwanza: boti imegawanywa vyumba, na mlango wa chuma kati ya chumba na chumba ndio unaoamua kama kitazama chumba kimoja au boti nzima. Kazi yetu iliitwa udhibiti wa madhara. Boti ikishapata jeraha, na hakuna fundi wa kumwita, nyie mliomo ndani mnafanya nini?

Kuhusu moto, Sajini Meja alifundisha kwa maneno machache. Moto unahitaji kitu cha kuungua, joto na hewa. Ondoa kimoja, moto utakufa. Mbao na nguo zinazimwa kwa maji. Mafuta hayamwagiwi maji, kwa kuwa yataelea juu yake yakiwaka na kusambaa. Hayo yanafunikwa, au yanapigwa povu. Umeme unakatwa kwanza. Chumba kinachoungua kinafungwa, na kuta zake zinapozwa kutoka nje, maana chuma hupeleka joto hadi chumba cha jirani. Na kila ndoo unayomwaga ndani ikumbuke, kwa sababu maji hayo yanakaa humo humo, yanayumba pamoja na boti, na yanaweza kuipindua baada ya moto kuzimika.

Mwezi wangu wa tatu, mafuta ya kukaangia migebuka, samaki wa ziwa letu, yalishika moto jikoni. Nilikamata ndoo. Deusi aliisukuma kwa goti, akafunika sufuria kwa mfuniko, akazima jiko, akaendelea kukatakata vitunguu.

"Chuoni hawapiki?" akaniuliza.

Nilimpenda tangu siku hiyo. Zaidi ya kupika, alikuwa mtu wa kwanza katika kikundi cha kuziba, na mimi nilikuwa wa pili, tena mtunzaji wa vifaa: nyundo za mbao, kabari, vitambaa, miti ya kuegemeza, na vizibo. Kizibo ni kipande cha mti kilichochongwa kama karoti nene, cha kupigwa kwa nyundo ndani ya tundu. Vyetu vilitoka nje ya nchi, vya mti mweupe, mwepesi, usio na uzuri wowote. Vilikuwa vimepungua, na maombi yangu ya vingine hayakujibiwa.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nimeishi nalo.

Tulikuwa vijana wa kujitegemea, na hatukulitamka neno hilo kwa mzaha. Niliona aibu kwamba watu wanaoishi pembeni ya misitu ya Mpanda wangoje mti dhaifu kutoka ng'ambo. Nilimwandikia Luteni, kamanda wa boti, kurasa mbili. Alifurahi, akanipa ruhusa. Nikapanda lori hadi Mpanda, nikaenda Ilembo kwa fundi seremala mmoja, Mzee Rashidi, nikamwomba anichongee vizibo vya mninga, mti mgumu wa misitu yetu.

Alifanya kazi safi sana. Vilipokamilika, alikipapasa kimoja kwa kiganja.

"Vya kazi gani hivi, mwanangu?"

"Kuziba tundu chini ya maji, Mzee."

Alikigeuza mkononi. "Mninga hauvimbi, mwanangu. Uloweke utakavyo, utabaki ulivyo. Ndiyo maana watu wanautaka kwa milango."

Niliisikia kama sifa. Nikaiandika hivyo katika ripoti yangu: mti imara, usiobadilika majini.

Kituoni, Luteni alivisimamisha vizibo mezani mbele ya watu wote, vyekundu, vinang'aa. Sajini Meja alichukua kimoja, akakibonyeza kwa ukucha wa dole gumba.

"Ukucha hauingii," akasema.

"Huo ndio ubora wake, Afande," nikajibu, nikaongeza maneno kuhusu heshima ya taifa na mti wake.

Alimtazama Luteni, aliyekuwa akitabasamu. Kisha alinitazama mimi. Miaka ile haikuwa rahisi kusimama mbele ya watu na kupinga kitu cha nyumbani. "Haya," akasema, akakirudisha mezani.

Vile vya zamani, vichache vilivyobaki, nilimpa Deusi awashie moto. Alishukuru, maana vilishika haraka.

Msimu wa mvua uliofuata, asubuhi moja, tulikuwa tukirudi kutoka doria upande wa Ikola. Mawimbi yalikuwa makubwa. Tuligonga mwamba, mara moja tu, kama mtu aliyepiga ngumi mlango. Deusi nami tulikimbilia stoo ya mbele. Tundu lilikuwa la unene wa mkono, chini, nyuma ya ubavu wa chuma, mahali ambapo mti wa kuegemeza kizibo haungeweza kusimama. Kila kitu kilitegemea kizibo.

Nilishika, yeye akapiga. Kiliingia, kikatoka. Tukakizungushia kitambaa, kikashika kwa muda, kikateleza. Kizibo cha mti laini kinabonyea, kinafuata kingo za tundu zilizochanika, halafu kinakunywa maji na kuvimba mpaka kinajikaza chenyewe. Hiki hakikubonyea na hakikunywa. Maji yalitufika kiunoni. Mwishowe Deusi alikikandamiza kwa bega, miguu ameikita ukutani upande wa pili.

"Nenda jikoni," akaniambia, maji yakimpiga shingoni. "Chini ya gunia la mkaa nimebakiza kimoja cha zamani. Nilikiweka kwa siku ya kuni mbichi. Kimbia, msomi!"

Nilikimbia. Boti ilikuwa imeinamia mbele na mkaa ulikuwa umemwagika kila mahali. Nilichimba kwa mikono yote miwili. Niliporudi na kizibo mkononi, mlango ulikuwa umefungwa, na Sajini Meja alikuwa akikaza komeo la mwisho.

"Afande, Deusi yumo!"

"Maji yalishavuka kizingiti. Angeachia, yangetuwahi kabla sijafunga." Hakugeuka. "Amenishikia mpaka nimefunga. Alisema mwenyewe, funga."

Niliweka kiganja kwenye chuma. Sikusikia kitu. Tuliikokota boti hadi mchangani, watu kumi na mmoja, wote wazima.

Luteni aliniagiza niandike taarifa, kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri na elimu. Niliandika habari za vizibo. Aliisoma, akairudisha polepole.

"Tukitaja vizibo, itabidi tutaje nani alivileta na nani alivikubali," akasema. "Andika kwamba tundu lilikuwa kubwa kuliko vifaa."

Niliandika. Ndugu zake Deusi walisomewa hivyo.

Baadaye nilihamishiwa pwani, nikapandishwa cheo, nikawa mkufunzi. Kwa miaka mingi niliwafundisha vijana wabonyeze kila kizibo kwa ukucha kabla ya kukipokea, na kisichobaki na alama wakikatae hata kikiletwa na kamanda. Waliponiuliza sababu niliwaeleza tabia ya miti. Sikuwaeleza juu ya Deusi.

Nilipostaafu nilirudi Mpanda, nikaenda Mpimbwe kumtafuta dada yake, Mama Anjela. Alinipikia wali. Nilimwekea mezani kile kizibo cheupe, nilichokitunza tangu siku ile, nikamwambia yote.

"Tuliambiwa tundu lilikuwa kubwa," akasema.

"Lilikuwa kama mkono wangu huu, dada."

Alikichukua, akakibonyeza kwa ukucha, akaitazama alama. "Na vingine vya namna hii vilikuwa wapi?"

"Nilimpa yeye mwenyewe, awashie moto."

Hakunilaani. Aliinuka akakiweka juu ya kabati, karibu na rozari yake, kisha akaniambia nile, wali unapoa.

Nawaandikia nyie mnaoanza kazi, hasa mliosoma na mnaoipenda nchi. Upendo wenu ni mzuri, lakini maji hayaujui. Fundi anapokwambia jambo, muulize analisifu au anakuonya. Mkubwa wako anaponyamaza, usidhani amekubali.

Naishi Ilembo sasa. Milango ya nyumba yangu ni ya mninga, kazi ya warsha ile ile, ambayo leo ni ya watoto wa Mzee Rashidi. Kila masika milango ya majirani inavimba na kukwama, na wanaisukuma kwa bega. Mlango wangu haujawahi kukwama. Naufunga kwa kidole kimoja.