Changarawe Ndani ya Tangi

Pikipiki yangu ilishika kutu kwa uvivu wangu mwenyewe, nisiisingizie mvua. Nilikuwa nimekwenda Butembo kuwaona mke wangu na watoto, nikaiacha Bunia, nyumbani kwangu mtaa wa Lumumba, tangi likiwa nusu tupu na mpira wa kifuniko umechakaa. Niliporudi, esansi, yaani petroli, iliyobaki ndani ilikuwa na rangi ya chai kavu. Pikipiki ilikohoa, ikawaka, ikanizimikia kwenye barabara ya Iga Barrière na mzigo wa samaki wa chumvi nyuma. Niliisukuma mpaka nyumbani, huku wapita njia wakiniuliza nani anamtembeza mwenzake.

Mwenye akili angeipeleka kwa fundi. Mimi ni mbishi, na mbishi hakosi kazi. Asubuhi iliyofuata nilitoa tangi, nikamwaga ule uchafu, nikaziba tundu la chini kwa kipande cha mpira, kisha nikatia changarawe safi, nati chache kuukuu na maji ya ndimu. Ukishafunga kifuniko, unalikumbatia tangi na kulitikisa mpaka changarawe ikwangue kutu yote. Ni kazi ya mabega, na ina kelele. Lakini baada ya muda nilianza kuipenda ile kelele, kwa sababu ilikuwa na mdundo kama kayamba, nami nikawa naifuatisha kwa kiuno.

Kati ya ua wangu na ua wa jirani kuna uzio wa matete unaofika kifuani. Jirani huyo ni mama mjane, mwimbaji wa kwaya ya kina mama, na alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, aliyekuwa akichimba dhahabu upande wa Djugu. Kwa kuwa niliishi peke yangu, mara nyingi alinipitishia sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, juu ya uzio, pamoja na maneno yake ya kunichokoza. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, na mimi nililijua hilo kwa tumbo.

Aliposikia tangi alitoka nje, kitenge kiunoni.

“Weye papa! Hiyo ngoma iko ya nani asubuhi yote hii?”

“Iko kutu, mama. Niko natoa kutu tu.”

“Kutu gani iko na muziki muzuri hivi? Basi tutacheza!”

Akacheza. Aliinua mkono mmoja, akazunguka taratibu uani kwake, akicheka kicheko chake cha kwaya. Nami nikaongeza mdundo, nikifurahi kama mjinga.

Yeye alikuwa ameipa barabara mgongo. Mimi ndiye niliyetazama lango lake, na mimi ndiye niliyewaona. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa amesimama langoni pamoja na wanawake wawili wa kanisani. Hawakubisha hodi wala kusalimu. Shemeji alikuwa ameshika kofia yake kifuani. Sisi wa Ituri tumepata habari mbaya nyingi mno, na mtu anayesimama langoni namna ile hahitaji kufungua kinywa. Nilijua kuna kifo, na nilijua ni kifo cha nani, kwa maana mama yule hakuwa na mwingine.

Hapa kwetu, penye msiba hata kinuni hakutwangwi. Redio inazimwa nyumba kwa nyumba, bila mtu kuagizwa. Ningepaswa kuliweka tangi chini.

Sikuliweka. Niliwaza kwamba nikinyamaza tu, atageuka. Basi nikatikisa kwa nguvu zaidi, naye akacheza zaidi, wale watatu wakitutazama. Mmoja wa wanawake alifunika mdomo kwa kiganja. Nilikuwa natabasamu bado, meno nje, kama mtu anayepigwa picha kwa lazima.

Mwishowe aliyafuata macho yangu. Aligeuka, mkono ungali juu.

“Karibuni! Mbona muko nasimama pale?”

“Mama,” shemeji yake alisema, “ikaa kwanza chini.”

Hakuketi. Alianguka, na kilio chake kikaujaza mtaa. Udongo ulikuwa umemfukia mwanawe shimoni. Mimi nilibaki nimekumbatia tangi, nikiogopa hata kupumua, kwa maana kila nilipojongea changarawe ililia tena. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Matanga yalifanyika kwenye ua ule ule. Nilipeleka kuni, nikazitua karibu na lango na kuondoka haraka. Mara moja nilijikaza nikaketi chini ya turubai na wanaume wengine, nikasikia wanawake wakinong’onezana karibu na moto kwamba mama alikutwa anacheza. Siku ya kumaliza matanga maneno yalikuwa yameota mbawa: sasa ilisemwa kwamba alicheza akiwa ameshaambiwa. Ningeweza kusimama na kusema, jamani, hakujua, na aliyejua ni mimi. Sentensi moja ingetosha. Nilikaa kimya kama maji mtungini, nikala wali wa msiba, nikarudi kwangu. Mpaka leo nikiukumbuka ule wali, uso unaniwaka.

Tangi nalo nilikuwa nimelisahau na maji yake ya ndimu ndani. Nilipolifungua kutu ilikuwa nyekundu, mbaya kuliko ya kwanza. Sikuthubutu kulitikisa pale. Nililitia katika gunia, nikatoka kwa mlango wa nyuma na kulipeleka mtaa mwingine, kwa rafiki yangu mmoja, nikalisafisha huko. Kwa haraka zangu sikulikausha vizuri wala kulipaka mafuta ndani, kwa hiyo mvua zilipoanza kutu ilirudi, nami nikarudi kwenye gunia. Nilijiambia ninamhurumia mama, kwamba sauti ile ingemtonesha kidonda. Sahani za sombe zilikuwa zimekoma, kwa maana hata uzio sikuusogelea tena.

Siku moja alinikuta njiani na gunia langu begani, ninanyata kama mwizi wa kuku.

“Weye papa, uko napeleka wapi hiyo rezervwari?”

Nikasema tangi linakwenda kwa fundi. Akaligusa gunia.

“Fundi gani? Weye ndiye fundi. Mbona hautikise tena hapa nyumbani?”

“Mama, niko nasikia haya.”

“Haya ya nini?”

Mficha uchi hazai. Nikalitua gunia na kumwambia yote pale barabarani: kwamba niliwaona kwanza, kwamba nilielewa, kwamba nilitikisa zaidi ili asigeuke, na kwamba kwenye matanga niliyasikia maneno ya watu na sikumtetea. Sikuweza kumtazama. Nilitazama sandali zake.

Sandali zilisogea hatua moja karibu nami.

“Ile ya matanga ilikuwa vibaya,” alisema. “Ungesema.”

“Ndiyo, mama.”

“Lakini pale nilikuwa nacheza, kwangu mimi mutoto wangu alikuwa angali muzima.” Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. “Ulitikisa kidogo sana, papa. Ungetikisa zaidi.”

Hapo nikaelewa kwamba gunia lile halikuwahi kumhurumia yeye hata kidogo. Nilikuwa nimejificha mimi.

Tulirudi pamoja. Nikatia changarawe, nikafunga kifuniko, nikasimama karibu na uzio. Yeye alileta kigoda uani kwake, akakigeuza na kuketi akiwa amelipa lango mgongo. Hakucheza. Alifumba macho tu. Nilitikisa mpaka mabega yakafa ganzi, na kutu ilikuwa imetoka yote zamani, lakini sikuacha mpaka aliposimama mwenyewe.